Taa Iko Njiani

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini umeamka vizuri na kifua kimekuacha upumue. Huku kwetu tupo. Mama anakusalimu sana na anasema uache kujipikia chumvi nyingi, maana anajua unajipikia chumvi nyingi. Nimemwuliza kajuaje, kanijibu kwamba wewe ni kaka yake, si kaka yangu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Wewe masikio yako hayashiki maneno ya simu, na mimi siwezi kupaza sauti juu ya mambo yangu majirani wakisikiliza.

Nimeacha kazi kule kwenye picha za vitambulisho. Najua utashtuka, ila sikuamua kwa hasira. Miaka yote ile nimewakalisha watu kwenye kigoda, nikawaambia wasicheke, flashi ikawapiga usoni, haya, anayefuata. Mtu anaingia na sura yake, anatoka kama samaki wa kwenye barafu. Siku moja bibi mmoja aliishika picha yake akanigeuzia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ndiye mimi?"

Sasa nimepata chumba ubavuni mwa duka la fundi cherehani. Kina mlango wa bati, dirisha moja linalotazama ukuta wa ghala, na ufa sakafuni unaotoka mlangoni mpaka katikati. Kamera ninayo. Kinachonitatiza ni taa. Muuza vifaa ananisukumia seti nzima: taa tatu, stendi tatu, miavuli, na begi la kubebea. Anasema bila taa tatu mtu hajawa mpiga picha. Nikimsikiliza naona ana haki, nikitoka nje naona ananila.

Wewe umewapiga watu picha tangu mimi sijazaliwa. Niambie nianze na nini.

Mpwa wako,
Kidoti


2 Februari

Kidoti wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Kifua kinakohoa kama kawaida yake, tumeshazoeana. Mwambie mama yako chumvi nimepunguza. Akikataa kuamini, mwambie nimesema vivyo hivyo tena.

Studio iko salama. Jana tu ilikuja familia nzima, baba, mama na watoto wa kupanga kwa urefu, nikatokwa na jasho kama mpishi.

Nikujibu swali lako. Huyo muuza vifaa mwache na begi lake. Taa tatu kwenye uso mmoja, mtu atadhani anahojiwa na polisi. Anayeanza na taa tatu anapata vivuli vitatu, na hajui kipi kimetoka wapi. Anza na moja. Moja tu, Kidoti, lakini iwe kubwa, kwa maana kwamba mwanga wake upite kwenye kitambaa cheupe kipana kabla haujamfikia mtu. Mwanga mdogo unakwaruza. Mwanga mpana unapapasa.

Iweke pembeni kidogo ya mtu, juu kidogo ya macho yake, halafu isogeze karibu. Wanaoanza wote wanaiogopa, wanaipeleka mbali, wanashangaa kwa nini uso umekuwa mkavu. Isogeze mpaka iwe karibu kuingia kwenye picha. Upande wa pili usimamishe ubao mweupe, hata karatasi ngumu ya kawaida, urudishe mwanga kwenye shavu lililobaki gizani. Kisha mtazame machoni. Ukiona tone la mwanga ndani ya jicho, piga. Usipoliona, usijisumbue, huyo mtu bado hajafika.

Na uchukue taa ya kuwaka muda wote, si flashi. Flashi unaijua baada ya picha. Taa inayowaka unaona kosa lako kabla hujalifanya.

Ila usinunue. Nitakutumia yangu, ile ya kwanza kabisa, yenye kichwa cha bati. Ndiyo niliyojifunzia, na mtu wa kwanza kukaa chini yake alikuwa mama yako, hata kusuka nywele vizuri hajajua. Iko stoo imefunikwa. Nitaifuta vumbi, nibadilishe waya, nikutafutie mtu wa kuileta. Wakati unangoja, jifunze kwa dirisha.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika kabla ya mvua, maana ingechelewa kidogo ingeniletea uji wa karatasi. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hakujui. Nilimsomea ile ya polisi akacheka mpaka akajichoma sindano.

Mama nilimsomea yote. Nilipofika kwenye taa yenye kichwa cha bati alicheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Akasema ulimkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, ukamkataza kupepesa macho, na kila akipepesa unamwambia amekuharibia maisha. Alikuwa na kidonda gotini na picha ikakatwa juu ya goti kwa ajili hiyo. Ni kweli? Anasema wewe ndiye mtu wa kwanza kumtazama kwa muda mrefu hivyo bila kumtuma kitu.

Tangu siku hiyo anaulizia taa kama mtu anayeulizia mgeni. Anasema studio yangu ikianza, yeye ndiye wa kwanza kukaa. Amechagua na gauni, lile la bluu.

Nina swali la kikazi. Nina mteja mmoja, mama wa makamo. Amekonda. Mashavu yameingia ndani na macho yamezama kidogo, na mifupa ya shingo inaonekana. Anataka picha nzuri, na hataki mtu akiiona amwonee huruma. Ile taa ya pembeni nikiifikiria naona itamchonga zaidi. Mtu kama huyo unamfanyaje?

Sitaki kukuharakisha, lakini taa ikipata gari mapema nitafurahi.

Kidoti


28 Machi

Kidoti,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na sababu ni nyingi na zote ni za kijinga, nisikuchoshe. Huku jua ni kali. Studio haipumui, wanafunzi wanamaliza shule, kila mtu anataka picha na rafiki zake.

Ya ndoo ni kweli. Ya kuharibiwa maisha sikumbuki.

Taa inakuja. Stendi yake ilikuwa imelegea nikaipeleka kuchomelewa, na fundi naye akafiwa, na dereva niliyemtegemea amebadilishiwa njia. Mambo ya vitu vya zamani. Vuta subira.

Kuhusu mteja wako, uko sahihi kuogopa taa ya pembeni. Taa ya pembeni inasimulia mifupa. Kwa uso uliokonda, ilete taa mbele, karibu kabisa na mstari wa kamera, juu kidogo tu ya lenzi. Kitambaa kiwe kipana kuliko mabega yake. Halafu ule ubao mweupe usiuweke ubavuni. Ulaze chini ya kidevu, kwenye mapaja, pale ambapo picha haifiki, mwanga upande kutoka chini na kujaza macho na mashavu. Mashimo yote yanajaa. Mwambie asogee mbele kidogo, kama anayesikiliza. Shingo ipe mtandio. Usimwambie atabasamu, maana uso uliokonda ukitabasamu kwa kuombwa unaumiza. Mwulize kitu anachokipenda na ungoje.

Mteja huyo ana umri gani? Na amekonda kwa nini? Nauliza kwa sababu ya rangi ya ngozi tu, mwanga hutegemea.

Mjomba


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumai kifua hakijakusumbua. Sisi tupo. Mama siku hizi analala mapema, na chakula anakionja zaidi kuliko kukila. Labda ni joto.

Umri wa mteja sikumwuliza.

Nilijaribu dirisha kama ulivyosema. Niliondoa pazia, nikatundika shuka jeupe, nikaweka kiti. Mwanga ulikuwa mzuri, mjomba, laini kama maziwa, na ulidumu asubuhi nzima. Nilimwita mama akae nijaribie. Alikuja mpaka mlangoni, akakitazama kiti, akasema, "Hapana. Nitangoja taa." Nikamwambia ni majaribio tu. Akasema yeye si mtu wa majaribio, alishajaribiwa na kaka yake inatosha.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani nikaona bora ninunue taa moja niachane na maneno. Nikamwambia. Alikasirika kweli, na yeye hakasiriki siku hizi. "Ya kaka yangu inakuja, wewe unaleta nyingine ya nini? Akisikia si ataona tumemdharau?" Nikaacha.

Kwa hiyo tunakungoja. Je, inawezekana mwezi huu? Hata bila stendi. Nitaifunga kwenye mti wa ufagio.

Kidoti


3 Mei

Kidoti,

Marahaba. Samahani, samahani. Furahi sasa: taa nimeikabidhi kwenye basi la mizigo. Nimeifunga kwa blanketi na magazeti, nikaandika pande zote kwamba ndani kuna kioo. Ulizia kwenye ofisi ya mizigo ya kwenu. Wanaweza kuchelewa, wale hupeleka kwanza mizigo ya wakubwa, lakini iko njiani.

Mwambie mama yako ale. Mwambie nimesema mimi. Joto haliwezi kumfanya mtu aonje chakula tangu Februari.

Nimefikiria mambo ya chumba chako. Kama dari ni jeupe liache, kama ni la rangi nyingine tundika kitambaa, maana rangi ya dari hushuka mpaka kwenye paji la uso. Mtu asikae karibu na ukuta. Mpe hatua kadhaa mbele ya ukuta, kivuli chake kianguke sakafuni kisimfuate nyuma kama mdeni. Na wewe usisimame wima unapompiga aliyekaa, utamfanya mtoto. Piga magoti.

Nilimpigia mama yako magoti siku ile ya ndoo. Goti langu liliingia kwenye misumari ya sanduku na sikusema neno, kwa sababu alikuwa ametulia na niliogopa akisogea hatatulia tena. Usimwambie hilo. Au mwambie.

Mjomba


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekwenda ofisi ya mizigo kila baada ya siku mbili tatu tangu barua yako. Karani ananijua sasa. Akiniona naingia anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo, halafu anajifanya anatafuta, kwa huruma. Ananiuliza namba ya mzigo. Hukuniandikia namba. Ananiuliza basi gani, liliondoka siku gani. Hukuniandikia. Jana alinipeleka mwenyewe stoo, tukapita katikati ya magodoro na matairi, tukainua kila kilichofungwa kwa blanketi. Kulikuwa na pangaboi na kiti cha ofisi.

Niseme sasa nililokatazwa kusema. Mteja aliyekonda ni mama.

Ilianza kabla ya mwaka mpya. Ni uvimbe tumboni. Walimfungua, wakaangalia, wakamfunga. Daktari aliniita pembeni akaongea na mimi huku akitazama viatu vyangu. Tumerudishwa nyumbani. Mama amenikataza kukuambia. Alisema, "Akijua atakuja mbio, ataniona hivi, na hii ndiyo sura atakayobaki nayo. Mwache. Tupige picha kwanza, nimtumie, ndipo umwambie." Ndiyo sababu nilifungua ile studio mapema kuliko nilivyopanga. Sitaki kukudanganya zaidi: kazi ya vitambulisho niliiacha ili nimuuguze.

Gauni la bluu fundi cherehani amelipunguza, kisha akalipunguza tena.

Mjomba, iache taa. Kama imepotea imepotea, sitakuuliza. Panda gari uje wewe. Najua ni mwendo wa siku mbili. Nitamwambia umekuja bila kuambiwa, atanigombeza, lakini atakuwa amekuona.

Njoo tu.

Kidoti


16 Juni

Mjomba,

Mama ametutoka. Tumemzika Ijumaa. Tuliwangoja wa mbali mpaka ilipobidi.

Naandika kwa sababu sijui niketi wapi ndani ya nyumba hii, na nikiandika angalau nimekaa mahali.

Nilikungoja baada ya barua ile. Basi likiingia saa za mchana nilikuwa nasikia honi yake nikiwa jikoni, na nahesabu mwendo wa kutoka stendi hadi kwetu. Mama alikuwa anauliza, "Imefika?" Hakuwa anauliza juu yako, hakujua nimekuandikia. Alikuwa anauliza taa. Kila siku nilimjibu iko njiani. Maneno yako hayo, mjomba, niliyabeba jinsi ulivyoyaandika.

Halafu ikafika siku alipoomba nimvishe gauni la bluu mwenyewe, bila mimi kusema kitu. Alikuwa hawezi tena kukaa bila mto mgongoni. Nikaona imetosha. Nikaenda kwa yule muuza vifaa, yule wa seti, nikamweleza. Hakuniuliza la pili. Alifungua boksi jipya akaniazima taa moja, na mwavuli mweupe, akanibebea hadi barabarani. Nilimfikiria vibaya mtu huyu miezi yote.

Nikaiingiza chumbani kwa mama. Nikamwambia, "Mama, imefika."

Nilifanya kila kitu ulichoandika. Nilileta taa mbele, karibu na mstari wa kamera, juu kidogo ya lenzi. Ubao mweupe niliulaza mapajani mwake. Shingo nikaipa mtandio. Nikapiga magoti. Nikaiwasha, na mashimo yote yakajaa, mjomba. Alirudi. Nilimwona mama wa miaka mitatu iliyopita amekaa kitandani ananitazama.

Akainua mkono akaupeleka kwenye mwanga. Akauacha hapo kidogo, akaugeuza kiganja. Akasema, "Mbona haichomi?"

Nikarekebisha mwavuli.

"Ya kaka ilikuwa inachoma. Ukikaa chini yake jasho linakutoka mpaka viwikoni."

Nikamwambia, "Kaibadilisha balbu, mama. Za siku hizi hazina joto."

Aliushusha mkono akauweka kwenye gauni. Akanitazama mimi, kisha akaitazama taa. Akasema, "Sawa. Piga."

Nikapiga. Nilipiga moja tu, kwa sababu baada ya hapo alifumba macho akasema amechoka. Hakuiulizia taa tena, siku ile wala siku zilizobaki. Hakuuliza chochote.

Ninayo picha hiyo. Mwanga ni mzuri, na kivuli sikuona hata kimoja. Tone la mwanga liko ndani ya macho yote mawili kama ulivyofundisha. Lakini hatazami kamera. Anaitazama taa kwa pembeni, na ni uso wa mtu aliyejua kwamba hakuna kitu kilichokuwa kinakuja.

Watu wa msiba walipotaka picha ya kuweka mbele sikuweza kuwapa hiyo. Tulikuza ile ya kitambulisho. Pembe ya muhuri inampita begani na rangi imemkimbia usoni. Niliipiga mimi mwenyewe kule kazini, kwa flashi ile ile. Nilimwambia asicheke.

Mwanao,
Kidoti


19 Agosti

Kidoti,

Sijui kama naruhusiwa kukusalimu. Pole, mwanangu. Poleni na wote mliokuwa naye.

Barua yako ya Mei niliipata. Sitasema ilichelewa.

Studio haipo. Nilifunga mwaka juzi. Watu wana kamera mifukoni, wanajipiga wenyewe, wanajipenda wenyewe, sikuwa na ugomvi nao ila kodi ya chumba ilikuwa na ugomvi na mimi. Nilianza kuuza pazia, nikamaliza na viti. Sasa nalinda geti la ghala la mbao. Nafungua lori likija, nafunga likipita. Ile familia ya watoto wa kupanga kwa urefu niliiona, lakini ilikuwa inapita barabarani.

Taa nilikuwa nimemuuzia mtu anayekodisha vyombo vya sherehe. Nilipokuandikia Februari kwamba nitakutumia, sikuona kama nadanganya. Niliamini nitamfuata, nitamwomba, atanirudishia, imelala tu kwake. Nilikuwa nimefurahi mno kuulizwa kitu, Kidoti. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu cha picha kwa muda mrefu.

Nilikwenda. Akasema alimpa shemeji yake. Nikaenda kwa shemeji, safari nzima kwa mguu, na geti halinipi nafasi ila Jumapili. Huyo naye akanielekeza kwa jirani. Aprili ndipo nilipoiona. Walikuwa wameitundika kwa waya kwenye banda, inawapa joto vifaranga. Kichwa cha bati kimebonyea, tundu la balbu limeungua limekuwa jeusi, na siku ile ilikuwa haiwaki hata hivyo, imeshakufa. Mwenye banda alikuwa tayari kunipa bure. Nilimwambia nitarudi.

Hapo ndipo ningeandika ukweli. Kalamu nilishika. Badala yake niliandika basi la mizigo. Sijui kwa nini mtu anafunga uwongo kwa blanketi na magazeti namna ile. Nilipokuwa naandika niliiona kabisa iko juu ya basi.

Na mteja wako nilimjua, Kidoti. Labda si mara ya kwanza, ila uliposema mama anaonja chakula nilimjua. Macho yaliyozama kidogo, mifupa ya shingo. Marehemu mama yetu alikwenda hivyo hivyo. Nilikuandikia jinsi ya kumpanga dada yangu chini ya mwanga na sikuthubutu kuuliza jina lake, kwa sababu ningeuliza ingenibidi nije, na ningekuja angeniuliza studio, angeniuliza taa. Hakuwahi kunijua nikiwa mtu mwingine zaidi ya huyo mwenye taa.

Mwisho wa Mei nilikwenda stendi nikiwa na begi. Nilikaa kwenye benchi. Basi likapakia, likajaa, kondakta akanipungia mkono. Nikamwambia namngoja mtu. Likaondoka.

Sina la kuomba kwako. Ila naomba hili moja, uniruhusu niombe. Nitumie ile picha. Nataka kumwona.

Mjomba wako


11 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu mama angenigombeza nisingeanza nayo.

Mimi nipo. Nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe, nalala studio, nyuma ya pazia. Fundi cherehani ananigongea ukuta asubuhi nisipofungua mlango. Taa ile nimeinunua, yule muuza vifaa namlipa kidogo kidogo. Ni hiyo moja. Wanakuja watu wawili watatu kwa wiki. Juzi alikuja kijana na mkewe, wakakaa, nikamsogezea mke mwanga akauliza, "Hii taa salama? Haichomi?" Ilinibidi nitoke nje nisimame na fundi kidogo.

Barua yako nimeisoma. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kukuumiza, na kilikuwa cha kweli. Ungeandika Aprili maneno mawili, "taa haipo", angekaa dirishani. Mwanga ulikuwepo bure asubuhi nzima. Angekasirika siku moja, kesho yake angekaa, na angenitazama mimi. Hilo sijui nitalifanyaje. Nalala nalo.

Mimi pia nilinyamaza. Ningekuambia Januari ungekuja, au usingekuja, lakini ningejua niko na nani. Tulikuwa wawili tunaomlinda mtu mmoja asijue, na yeye ndiye aliyejua kabla yetu.

Picha sikutumii. Si kwa kukukomoa, nakuapia. Nimeshaitia kwenye bahasha nikaitoa. Ni kwamba najua utaipokelea wapi. Utaipokea getini, utaifungua umesimama, lori likipiga honi, na hakutakuwa na mtu pembeni yako. Anavyoitazama ile taa, mjomba, haifai mtu akaione peke yake. Mimi niliiona peke yangu. Imetosha mmoja.

Ukitaka kuiona, njoo uione huku nikiwepo. Sina cha kukuuliza. Kitanda ni kimoja, utalala wewe, mimi nitatandika chini.

Na kama huji, niandikie kwamba huji. Usiniandikie kifua, wala mvua, wala zamu. Andika "siji" uweke kwenye bahasha. Hilo naweza kuishi nalo. Kungoja siwezi tena.

Kidoti